Mwanamke Anayeuliza Bomba Kama Limelala

Saa kumi na moja alfajiri, kiwanda cha sabuni bado kimya. Taa moja inawaka juu ya mlango wa karakana, na chini yake mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli la buluu anatoa vyuma vyake kwenye ndoo, kimoja kimoja, bila kuvigonganisha, utadhani kuna mtoto mchanga amelala humo ndani.

Anapita katikati ya matangi makubwa ya kuchemshia sabuni mpaka anafika la tatu. Ubavuni mwake kuna bomba nene kuliko paja lake, na juu ya bomba kuna usukani wa chuma wa kufungia vali. Anaushika kwa mikono miwili na kuuzungusha. Unazunguka, unazunguka, unakaza. Anauegemea kwa uzito wake wote mpaka viatu vinateleza sakafuni.

Kisha anainama, anafungua kikoki kidogo kilichochomoza kwenye bomba kati ya vali na tangi, na kukikingia kiganja. Anasubiri. Hakuna tone, hakuna hewa, hakuna joto.

"Limelala," ananong'ona, na anakifunga kikoki. Upande wa pili wa ukuta, mtu wa boila ndiyo kwanza anawasha moto.

Sasa anachukua vipande viwili vya bati zito lililokunjwa kama bakuli na kuvikutanisha juu ya usukani, kimoja chini, kimoja juu. Vinaumana. Usukani umepotea kabisa, na mkono wa mtu hauna tena pa kushika. Penye tundu la kuunganishia anapachika kibanio chenye matundu sita, na katika tundu la kwanza anatia kufuli la buluu. Linalia mara moja, kavu.

Halafu anatazama nyuma, kushoto na kulia, kama mtu anayeiba. Anatoa mfukoni kufuli jingine, jipya, lililopakwa rangi ya machungwa ambayo bado inanuka, na kulitia katika tundu la pili. Funguo zake mbili anazifunga kwenye uzi alioufunga shingoni, pamoja na ule wa kufuli la buluu.

Hapa kiwandani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, yeye ni Mama Kufuli. Nyumbani nako jina hilo limemfuata, ila huko wengi wanadhani anauza makufuli. Juzijuzi jirani mmoja alimgongea mlango akiwa amejitwika sanduku la bati, akimsihi amfungulie kwa sababu mkewe amesafiri na ufunguo.

"Nikamwambia, mimi sifungui, mimi nafunga," anasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Na hata ningejua kufungua, shemeji yangu, sanduku la mke wa mtu mimi siligusi."

Kazi yake rasmi ni fundi bomba. Kwa mshahara ambao mwenyewe anasema huaga kabla mwezi haujafika mwisho, anatengeneza mabomba yanayovuja, anabadilisha mipira iliyolika, anapaka grisi. Lakini kazi inayomfanya aamke kabla ya jogoo ni nyingine kabisa. Ni kuhakikisha kwamba vali iliyofungwa inabaki imefungwa mpaka mtu aliye ndani ya tangi atoke.

Ndiyo, ndani ya tangi. Sabuni inapochemshwa kwa mvuke huacha ukoko ukutani, kama ugali unavyoacha chini ya sufuria, na ukoko huo hautoki kwa maji. Lazima mtu ashuke kwa ngazi kupitia tundu la juu, lisilozidi upana wa beseni la kufulia, akaukwangue kwa mkono. Wakati anakwangua, miguuni pake kuna midomo miwili ya mabomba. Mmoja huleta mvuke. Mwingine huleta magadi makali, yale yanayokula ngozi, na huo huzibwa kwa bamba kabla ya siku ya kukwangua.

Mtu aliye mle ni sawa na kiazi ndani ya chungu. Kinachomtenganisha na kupikwa ni usukani mmoja wa chuma, ambao mtoto wa shule anaweza kuuzungusha. Mwandishi wa makala haya amesimama chini ya madaraja marefu na mitambo mikubwa kuliko nyumba, akashangaa kama watu wote wanavyoshangaa. Lakini hajawahi kupigwa na butwaa kama asubuhi alipoushika usukani ule, akausikia unavyoteleza kirahisi mkononi.

"Umeona?" Mama Kufuli anauliza. "Hauna ubishi. Ukiambiwa fungua, unafungua. Haukuulizi nani yuko ndani."

Kwa hiyo yeye ndiye anayeuliza. Sheria yake inajulikana na kila mtu kiwandani, na anaitamka taratibu kama mtu anayehesabu mishono. Kila anayeingia tangini ana kufuli lake la rangi yake, na analitundika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kibanio. La Mama Kufuli, la buluu, ndilo la kwanza kupanda na la mwisho kushuka. Ikibaki hata moja, ile kofia ya bati haifunguki, na kofia isipofunguka usukani hauguswi. Ufunguo anakaa nao yule anayeshuka ndani. Anashuka nao shingoni.

"Hata meneja akitaka vali hiyo, atasubiri," anasema. "Ufunguo uko tumboni mwa tangi pamoja na mwenyewe. Amwombe kwanza mwenyewe atoke."

Na kuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Kila kufuli jipya huja na funguo mbili. Siku mfanyakazi anapokabidhiwa lake, ule wa pili unabanwa kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani cha karakana, na kukatwa kwa msumeno mbele ya macho yake, kisha vipande anapewa yeye mkononi. Wengine wanavitupa palepale. Mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alivitoboa akavifanya pambo la baiskeli.

Mwandishi aliuliza swali la kijinga, kama ilivyo kazi ya waandishi: Je, kiwandani kuna wezi wa mvuke?

Mama Kufuli hakucheka. "Kufuli la nyumbani linamzuia mwizi," alisema. "Hili langu linamzuia mtu mwema."

Maana ya maneno hayo iko nyumbani kwake, imekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Ni kaka yake, wa tumbo moja, aliyemtangulia kuajiriwa hapa. Enzi hizo hapakuwa na kofia wala kibanio. Ukitaka kuingia tangini ulifunga vali, ukamwambia mwenzako aliye karibu, ukashuka.

Siku ile kaka mtu alifunga, akasema, akashuka. Mwenzake aliyeambiwa aliitwa upande mwingine. Akapita mfagiaji, kijana mwenye bidii, mtu wa kupenda kusaidia. Akaona matangi yote yanachemka isipokuwa moja. Akadhani kuna mtu kajisahau na atagombezwa na msimamizi. Akaufungua usukani ili kumwokoa mwenzake na kelele za bosi.

"Alifungua kwa wema," anasema Mama Kufuli, na hapo sauti yake inashuka mpaka inabidi kumsogelea. "Hakuwa na chuki na mtu. Alikuja kumwogesha kaka yangu kila Jumapili, miaka, mpaka alipohama mji. Analia, anamwogesha. Sasa mtu kama huyo utamlinda mwenzako dhidi yake kwa kitu gani? Kwa polisi? Kwa matusi? Huwezi. Ni kwa chuma tu."

Kaka alitoka hai. Ngozi ya mgongo ilirudi kwa makunyanzi. Vidole vya mikono yote miwili viliganda nusu wazi, na mpaka leo haviwezi kukunja ngumi wala kunyooka. Dada yake, ambaye wakati huo alikuwa anachomelea mageti mtaani, aliomba kazi palepale kiwandani. Watu walidhani amerukwa na akili.

Mwezi wa kwanza alitengeneza kofia ya kwanza kutoka kwenye pipa bovu la rangi. Ilikuwa inacheza kichwani mwa vali kama kofia ya kuazima. Msimamizi wa siku hizo alipita akauliza kama vali inaenda harusini. Jina la kofia likabaki. Ile ya pili ilipasuka, ya tatu ilikuwa na pengo ambalo vidole vyembamba viliweza kupenya, na alilijua pengo hilo kwa sababu alimwita binti yake mdogo siku ya mapumziko, akamwambia ajaribu kuuzungusha usukani. Mtoto akaingiza vidole, akazungusha, akacheka kwa ushindi.

Huyo mtoto ndiye kitindamimba wake, na ndiye kiini cha asubuhi hii ya leo.

Amekua. Amemaliza shule. Mama yake alimnunulia cherehani, akamtafutia mwalimu, akamwandalia kona yenye mwanga sebuleni. Binti alishona. Alishona mifuko ya ovaroli la mama yake, akashona pazia moja, kisha siku moja akaondoka kimyakimya, akaenda kuomba kazi ya kukwangua matangi. Msimamizi alipomuuliza anajua nini kuhusu kazi hiyo, alimweleza yote, kuanzia kikoki mpaka kibanio, kwa maneno yaleyale ya mama yake.

"Mama alininunia," binti anasimulia. "Anapika, ananipakulia, hasemi. Nikisema ahsante mama, anaijibu sufuria." Mama mtu hakatai. "Ningekuwa na kofia ya kumtosha," anasema, "ningemvalisha yeye nikapiga kufuli."

Leo ndiyo siku yake ya kwanza kushuka. Usiku mama hakupata usingizi, na badala ya kuja kwa wakati wake wa kawaida amekuja mapema, akachukua stoo kufuli la binti lililokuwa likisubiri kukabidhiwa, akalipaka rangi, akalitundika mwenyewe. Hilo ndilo lile la machungwa.

King'ora kinalia. Geti linafunguka, na kiwanda kinajaa viatu na sauti. Boila sasa inanguruma upande wa pili wa ukuta, na matangi mengine yanaanza kutokota. Binti anakuja na wenzake wawili, ovaroli lake jipya limekunjwa mikono mara tatu, kikwanguo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Wenzake wanayapigia mluzi mazungumzo hayo. Mmoja anasema leo Kufuli amezaa Funguo, na kila mtu anacheka ila mama mwenyewe. Wanaume wale wawili wanasogea, kila mmoja anakifungua kikoki, anakikingia kiganja kidogo tu kwa mazoea huku akizungumza na mwenzake, anakifunga, na kutundika kufuli lake. La kijani. La njano. Binti bado amesimama.

"La kwangu liko wapi?" anamuuliza msimamizi, aliyesimama pembeni.

Msimamizi anamtazama Mama Kufuli.

"Liko pale," mama anasema, akionyesha kwa kidevu. "Nimeshakuwekea. Wewe panda tu ngazi."

"Na funguo?"

"Ninazo."

"Zote mbili?"

Mama anajipapasa kifuani. "Zote mbili."

Binti anateremsha kikwanguo begani na kukiegemeza kwenye tangi. Hana hasira usoni. Ana uso wa mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga.

"Basi hilo si langu, mama," anasema. "Hilo ni lako la pili."

"Mimi ni mama yako. Nani atakulinda kuliko mimi?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa ukiitwa ofisini? Ukipata kizunguzungu? Ukiona wenzangu wametoka, ukadhani na mimi nimetoka? Yule aliyemfungulia mjomba naye alidhani, mama."

Tuseme ukweli, kuna maneno ambayo mtu akiambiwa na mtoto wake mbele za watu huwa ni matusi. Haya hayakuwa matusi, na labda ndiyo maana yalikuwa mazito zaidi. Msimamizi anakohoa na kutazama dari kama mtu aliyeona ndege. Kisha mama anaingiza mkono kifuani, anautoa uzi, anazifungua zile funguo mbili, na kumpa binti yake mmoja.

Binti anaupokea kwa mikono miwili. Analifungua kufuli la machungwa, analitoa. "Nataka kuliuliza bomba mwenyewe," anasema.

"Nimeshaliuliza. Na hawa wameuliza sasa hivi."

"Najua, mama."

Anapiga magoti. Anakifungua kikoki, si kidogo kama wale wenzake, bali mpaka mwisho. Anakikingia kiganja. Hazungumzi na mtu. Anasubiri kama alivyofundishwa akiwa mtoto, mpaka watu wanaanza kubadilisha miguu.

Kisha mkono wake unaruka.

Ni uzi tu wa mvuke. Mwembamba, mweupe, unatoka kwenye kikoki kama pumzi ya birika kabla halijachemka. Unakatika. Unarudi. Halafu unaanza kupiga filimbi, na sauti ile nyembamba inasikika kuliko mashine zote za kiwanda. Vali iliyokazwa, iliyovalishwa kofia, iliyopigwa makufuli, inapitisha mvuke.

Mmoja wa wale wanaume, ambaye angekuwa ameshashuka, anakaa chini pale sakafuni alipo. Mtu wa boila, wanayemwita Mpishi kwa sababu yeye ndiye anayepika mvuke wa kiwanda kizima, anachungulia mlangoni kuona filimbi inatoka wapi.

"Mama Kufuli," anasema, "uliuliza saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja mimi nilikuwa hata presha sina! Moto nilikuwa nauwasha. Ulikuwa unamuuliza nani?"

Hapo ndipo Mama Kufuli anapoelewa, na uso wake unaonyesha anavyoelewa, hatua kwa hatua. Siku zote husubiri mshale wa presha wa boila upande mpaka kwenye alama nyekundu, mvuke uisukume vali kwa nguvu zake zote, ndipo aliulize bomba. Leo mapenzi yamemwamsha mapema. Ameliuliza bomba wakati hakuna kitu ndani yake cha kujibu.

"Nilitaka akute kila kitu tayari," anasema. Anayaelekeza maneno hayo kwa Mpishi, lakini si yeye anayeambiwa.

Makufuli yote yanatolewa na kofia inavuliwa. Kwa kuwa tangini hamna mtu, wanaifungua vali wazi kabisa mara moja, mvuke unapita kwa ngurumo ya kutikisa sakafu, kisha Mama Kufuli na binti yake wanaushika usukani pamoja, mikono minne, wanaufunga. Safari hii unakwenda karibu nusu mzunguko zaidi ya mwanzo. Kwenye kikoki, pamoja na pumzi ya mwisho, kinaruka kipande cha kutu na kuanguka sakafuni. Msimamizi anakiokota kwa leso kikiwa bado cha moto. Ni kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa kimebanwa chini ya ulimi wa vali unaoziba bomba, na usukani uligoma kwa sababu yake, ukamfanya fundi aliyefunga vali nusu ya maisha yake aamini kwamba imefunga.

Mwandishi ameiomba punje ile, akaishika. Haina uzito wowote. Inatisha kwamba kitu kama hicho kinaweza kukaa kati ya mtu na jua la kesho, na kwamba kinachokishinda ni kiganja cha binti aliyekataa kutosheka na neno la mama yake.

Wanauliza tena. Pakavu. Wanamsubiri Mpishi aseme mshale uko kwenye nyekundu, wanauliza tena, kila mmoja kwa kiganja chake, taratibu, hakuna anayezungumza. Pakavu bado.

Wakati tangi linapoa, kabla ya makufuli kutundikwa, Mama Kufuli anaelekea karakana bila kuagizwa na mtu. Anaubana ufunguo wa pili wa machungwa kwenye jiliwa. Binti anamfuata, na nusu ya kiwanda inawafuata. Msumeno unalia, vumbi la shaba linamwagika kwenye meza. Ni kazi ya muda mfupi sana, lakini mama anaifanya kama mtu anayekata kitovu.

"Chukua," anasema, na kumtilia vipande viwili kiganjani. Hapo ndipo machozi yanapomtoka, wazi kabisa, na hayafuti. "Sasa ni lako. Mimi sina tena uwezo wa kukufungulia."

"Ahsante, mama."

Kofia inarudishwa, na la buluu linapanda kwanza. Linafuata la kijani, la njano, na mwisho la machungwa. Binti anapanda ngazi ufunguo ukimning'inia shingoni, anaingiza mguu mmoja tunduni, anageuka kumtazama mama yake, anashuka.

Kutoka hapo, Mama Kufuli hafanyi kazi nyingine. Anasimama mbele ya vali, mgongo ukiwa umeigusa kofia, mikono imefungwa kifuani. Kutoka ndani inasikika mikwaruzo. Kila baada ya muda kikwanguo kinapiga ukuta wa tangi mara mbili, ko, ko, na yeye anajibu kwa pete ya kidole chake kwenye bomba. Injinia wa kiwanda, kijana mpole asiyejua kukaa bila kalamu, anakuja kusimama naye.

Wawili hawa wana mzozo wa muda mrefu. Injinia alichora mpango wa kuweka vali mbili kwenye kila bomba, moja nyuma ya nyingine, na kikoki katikati kinachoachwa wazi wakati wote watu wakiwa ndani. Vali ya kwanza ikivujisha, mvuke unatokea pale katikati, mbele ya macho ya kila mtu, na haufiki tangini. Mama Kufuli ndiye aliyeukataa mpango huo kikaoni. Alisema vali mbili zitawalegeza watu mikono, kila mmoja aitegemee ya mwenzake.

"Injinia," anasema bila kugeuka. "Ule mchoro wako bado upo?"

"Upo ukutani kwangu. Sikuutoa."

"Ulikuwa sahihi. Mimi nilikuwa mkaidi."

"Mama, hata vali kumi zinahitaji mtu wa kupiga magoti," injinia anasema. "Nami nilisahau kuliandika hilo kwenye mchoro." Wanasimama wote wawili wakisikiliza tangi.

Kazi inaisha. Anatoka wa kijani, anatoka wa njano. Halafu mkono mweupe kwa sabuni unashika ukingo wa tundu, na binti anajivuta nje, kope zake nyeupe, nywele zimegandamana, meno yote nje kwa furaha. Anashuka, analifungua kufuli lake kwa ufunguo wake, anaondoka nalo. Kwenye kibanio limebaki la buluu peke yake. Mama Kufuli anaingiza kichwa tangini, anaangaza tochi kila kona ingawa anajua waliotoka ni wote, kisha analifungua.

Jioni, nyumbani, kaka mtu yuko kitini pake karibu na dirisha. Ana swali moja ambalo amelirudia kila jioni tangu dada yake aajiriwe, hata kabla ya salamu, na watoto wa nyumba hii wamekua wakilisikia.

"Wametoka wangapi?"

Jibu nalo ni lilelile miaka yote, na hulitoa dada mtu akiwa bado anavua viatu. Leo anamgeukia binti yake.

"Walioingia wote, mjomba," binti anasema.

Mzee anageuza shingo kuelekea sauti ile mpya, taratibu. Binti anapiga magoti mbele ya kiti, anatoa vile vipande viwili vya ufunguo mfukoni, mfuko alioushona mwenyewe, na kuviweka katika kiganja cha mjomba wake, kile kisichojifunga. Vinakaa mle kama mbegu. Anamsimulia kila kitu, kikoki, filimbi, punje ya kutu, na hamfichi kwamba aliyekosea ni mama. Mjomba anasikiliza mpaka mwisho.

"Ulifunga kwa wema," anamwambia dada yake.

"Kwa wema," anakiri.

Baada ya chakula Mama Kufuli anasukuma vyombo pembeni na kuchora mezani kwa kipande cha chaki. Anaonyesha jinsi mti wa vali, ile nondo inayopita katikati ya usukani, unavyozama kadiri unavyoifunga, na jinsi leo ulivyobaki juu kidogo, upana wa kucha, bila yeye kuuona. Vali za injinia atazipachika yeye mwenyewe, akianza na tangi la tatu, hilo wamekubaliana. Lakini kabla hajastaafu anataka kutengeneza kofia mpya, yenye ulimi wa chuma ndani, utakaoingia mahali pake pale tu mti utakapozama mpaka mwisho. Ukibaki juu hata kwa unene wa punje ya kutu, kofia haitaumana, tundu halitakutana na tundu, kufuli halitapita.

"Haitajali nani anafunga, wala ana haraka gani, wala anampenda nani," anasema. Anapuliza vumbi la chaki, anaichukua tena, anaurefusha ule ulimi kidogo. "Nataka kofia itakayonikatalia hata mimi."